Kona Yetu na Mtiririko wa Fursa

Nawapenda sana wenzangu wa benchi, lakini jana tulijidhalilisha. Afisa mmoja alikuja na kipaza sauti, akatangaza kuwa kona yetu “itafunguliwa kwa mtiririko shirikishi wa fursa.” Hatukuelewa kitu, tukampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Leo Shangazi, muuza kahawa wetu, kagoma kabisa kumimina mpaka aambiwe jiko lake litakaa wapi. Jiko hilo ndilo linalowalisha wanawe.

REDIO (kinyozi, hazimiki): Shangazi, toa hofu! Si umesikia “itafunguliwa”? Duka likifunguliwa watu wanashangilia.

SHANGAZI: Jiko langu linakaa wapi?

WAZIRI (fundi viatu, kazi yake kuhutubia): Umesema vyema. Sasa sikiliza. “Shirikishi” maana yake umeshirikishwa. Wewe ni mbia.

SHANGAZI: Mbia wa nani?

WAZIRI: Wa mtiririko.

MIMI: Lo!

REDIO: Mtiririko ni bomba, jamani! Kahawa itatoka hapa mpaka majumbani. Mtu yuko kitandani, anafungua koki, kahawa hiyooo, ya moto!

SHANGAZI: Na mimi nitakaa ndani ya bomba?

WAZIRI: Achana na bomba, hayo mawazo madogo. Fursa zinatoka ng'ambo. Zitatua wapi? Hapa hapa! Uwanja wa ndege huu. Shangazi utavaa sare, unatembeza kahawa angani.

SHANGAZI: Angani na mkaa wangu?

Hapo tulicheka mpaka Waziri akaangusha kiatu cha watu. Shangazi mwenyewe alicheka hadi machozi, akasahau mgomo, akaanza kumimina. Tulikuwa hatujanywa hata nusu, lori likasimama mbele yetu. Dereva akashuka na kamba begani.

DEREVA: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

DEREVA: Nimetumwa nipakie jiko na benchi, magari yapate kupita hapa. Ila hawakuniambia kitu kimoja. Nivipeleke wapi?

Waziri akainamia kiatu chake. Mimi nikamtazama Shangazi nikidhani atalia. Wapi! Alifuta kikombe kwa kanga, akakijaza, akamsogezea dereva.

SHANGAZI: Kaa unywe, mwanangu. Mpaka aliyekutuma aje na jibu, jiko hili lina kazi.

Dereva alitutazama, akatazama kikombe, akaenda kuzima lori. Tukabanana, akapata pa kukaa.