Alama za Wendell Kwenye Mlango wa Kabati

Ndugu Mwenyekiti wa kambi yetu ya magari ya kuishi, Bwana Orville Teague. Mchungaji Lindqvist uliyetuombea chakula. Waheshimiwa majirani wa safu ya mbele wenye umeme, na nyinyi wa safu ya nyuma mnaotegemea jua. Ndugu wageni mliokuwa mkipita tu mkanusa nyama ikichomwa, mkaona mkae: habari za mchana.

Nimeombwa niipokee ngao hii kwa niaba ya mume wangu, Wendell Stroup, na niseme machache ya kuaga. Mnaona hayupo. Jirani yetu Glenna amemchukua akamwonyeshe jenereta yake mpya. Ni mimi niliyemwomba amchukue, kwa sababu ninayotaka kusema leo siwezi kuyasema naye akiwa amekaa hapa mbele ananitabasamia.

Ngao imeandikwa: "Kwa mtu aliyetufundisha kutunza magari yetu." Ni kweli. Nani kati yenu hajasumbuliwa naye? Miaka thelathini na minne alikagua breki za treni kule Nebraska, na tulipouza nyumba tukahamia kwenye gari lenye jiko na kitanda, alibandika orodha kwenye mlango wa kabati la jikoni. Kila miezi mitatu, kupanda juu ya paa na kuziba nyufa kwa gundi. Kila mwezi, kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Kila safari, kupima upepo wa tairi. Kila miaka sita, kubadilisha tairi zote, hata kama zinang'aa. Kazi ikiisha, anaweka alama ya kalamu nyekundu.

Mnakumbuka alivyomwambia Mwenyekiti mbele ya watu? "Orville, tairi zako zimefikia umri wa kupiga kura!" Na Orville akamjibu, "Na wewe, mzee, mdomo wako umefikia umri wa kustaafu!" Mlicheka. Lakini Orville alibadilisha tairi. Na Glenna yuko hai leo kwa sababu Wendell alilala chali chini ya gari lake na chupa ya sabuni, akaona povu linachemka penye ufa, gesi ikivuja.

Sasa niwaambie msichokijua.

Oktoba iliyopita, tukija huku kwa msimu wetu wa tisa, kwenye mteremko wa kusini mwa Flagstaff tairi la nyuma kulia lilipasuka. Lilichana sakafu, likang'oa mabomba, na gari likaburuzwa hadi ukingoni mwa barabara. Tulitoka wazima. Fundi aliyekuja kutuvuta, mwanamke anayeitwa Inez, alizunguka gari mara mbili. Kisha akabonyeza ukuta kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa maziwa.

"Mama," akaniuliza, "hili paa limezibwa lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia ni mwezi Agosti. Nikamvuta ndani nimwonyeshe orodha, nikiwa na hasira kabisa. Alama nyekundu zilikuwa zimejaa. Agosti, ipo. Mei, ipo. Hata ya tairi mpya ilikuwepo, ya miaka mitatu iliyopita.

"Tairi hizi ni zile zile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani," Inez akasema. "Na juu huko hakuna gundi ya karibuni. Nani ameweka hizi alama?"

"Mimi," akasema Wendell.

"Ulipanda juu, baba?"

"Nilipanda."

"Ukafanya nini?"

Akaangalia mikono yake. "Nikifika juu nilikuwa sikumbuki nimefuata nini. Nilikaa, nikasubiri pengine itanijia. Halafu nikaona haya kushuka mikono mitupu mbele ya mke wangu, Marvella. Nikashuka, nikaweka alama."

Ndugu zangu, mnadhani nilishtuka? Ningependa kuwaambia nilishtuka. Nilikuwa jikoni, nikisikia nyayo zake juu ya kichwa changu, kisha kimya cha nusu saa, na kila mara nilimpikia kahawa akishuka. Nilikuwa nikiihamisha ile mirija ya gundi kabatini ili nipate nafasi ya sukari, na nilijua haijafunguliwa. Nilijua! Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu ningeuliza angejibu, na akijibu ingebidi turudi mjini, kwa madaktari, na maisha haya yaishe. Nilitaka msimu mmoja zaidi. Kisha mwingine.

Gari haliwezi kutengenezwa. Limekatwakatwa huko huko Flagstaff. Mwenyekiti ametuachia trela yake tukapitisha msimu wa baridi, na sina namna ya kumlipa wema huo. Lakini msimu umekwisha. Nyumba ya kutunzia askari wa zamani imekubali kumpokea Wendell, maana kabla ya reli alikuwa jeshini, lakini wake hawapokelewi. Mimi naenda Lincoln, chumba cha chini kwa binti yetu. Kati yetu ni safari ya siku mbili, na mimi sijawahi kuendesha zaidi ya kwenda sokoni.

Mtaniambia tutatembeleana. Wengine mmeshaniambia, na nimewajibu ndiyo, kwa heshima. Lakini mwezi huu ameniuliza mara mbili kama mimi ni dada yake. Nikirudi baada ya miezi mitatu, atanikaribisha kama nani?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ngao naipokea, maana aliistahili kwa miaka sita kamili. Lawama ya ile mitatu ya mwisho ni yangu.

Alhamisi asubuhi yatakuja magari mawili. Yeye anadhani ni moja, la kutuchukua sote. Nawaomba sana, mtu yeyote asimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikipata la kusema. Tangu Januari natafuta.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Tafadhali kuleni, nyama inapoa.