Uzito wa Kikombe Chake cha Unga

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kikombe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Hesabu aliipenda, ila mwalimu alilalamika kwamba anatoa jibu bila kuonyesha njia.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika tanuri la mikate karibu na stendi, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Unga, sukari, maziwa ya unga, vyote alivipima kwa kikombe kimoja cha bati. Unga aliushindilia kwa kiganja, akakata juu kwa kisu, basi. Ukimuuliza ni gramu ngapi, alikutazama kama uliyemuuliza umri wake.

Siku moja akaja fundi mizani kutengeneza mizani ya tanuri, ambayo hakuna aliyeitumia. Alimwona akichota, uvumilivu ukamwisha.

"Dada, kikombe cha unga na cha sukari havilingani uzito. Na unga wenyewe ukishindiliwa unazidi, ukichekechwa unapungua."

"Kwani mkate wangu umekushinda kula?"

Kinywa cha fundi kilikuwa tayari kimejaa mkate huo. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974, na ubishi ule ukahamia mezani kwao, ukakaa.

Februari mwaka huu moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Mumewe alishikwa na hofu moja: mkate ule ungeondoka na mwenyewe. Akaleta kitandani beseni la unga, kikombe na mizani ndogo ya jikoni. Mke achote, yeye apime. Ilikuja gramu mia moja na sitini, akaoka, ukatoka mkate wa kuridhisha. Lakini fundi mizani hapimi mara moja, kwa hiyo kila Jumapili walirudia. Ikaja mia na arobaini, baadaye mia na ishirini, na mikate ikawa majimaji, inabonyea katikati. Akaifungua mizani, akaisafisha, akaijaribu kwa mawe yake ya kupimia. Haikuwa na kosa. Ndipo alipoelewa kwamba kilichokuwa kikipungua ni nguvu za kiganja cha mkewe. Alilia jikoni, na hakuona haya kuwaambia wanawe.

"Umegundua leo?" mkewe alimuuliza alipoona macho yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahia kupima. Rudia ile ya kwanza, halafu ongeza kidogo. Hata siku ile nilikuwa mgonjwa."

Jumapili, tarehe 2 Novemba, mumewe alimpelekea mkate wa unga wa gramu mia na sabini kwa kikombe. Alitafuna taratibu, akaomba kipande kingine.

"Ndio huu," alisema. "Sasa weka mizani chini, baba watoto, unishike mkono."

Aliaga dunia nyumbani, alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mkono ulikuwa bado umeshikwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana wa kiume mmoja, wajukuu watano, na dada yake mdogo, ambaye bado anasema mkate ule ulizidi chumvi.

Mikono yake ipumzike, naye alale kwa amani.