Supu ya Mkwe Kanuna

Wanawake wawili mbele yangu kwenye basi waligombana kwa mnong'ono, ule unaosikika mpaka kiti cha nyuma. Mmoja ni mpishi wa mkahawa wao; mwenzake, wifi yake, huhudumia meza.

"Wifi, majina yote yalikwisha? Supu ya ndimu ukaiandika ubaoni Mkwe Kanuna!"

"Si inakunja uso? Na wateja wanaipenda."

"Jana mama yangu kaingia, kaisoma mwenyewe. Meza tatu zikacheka, naye kasimama palepale."

"Sikujua atakuja."

"Mkahawa uko nyumbani kwake, asije? Kasema usipomwomba radhi leo, Jumatatu tutoe majiko yetu sebuleni kwake."

Kituo changu nilikuwa nimeshakipita, kwa hiari yangu.

"Jina nitalifuta," akasema mpishi. "Hata supu yenyewe nitaiacha."

"Na radhi?"

Basi likasimama, mpishi akainuka. "Miaka sita mama yako ananiita 'huyo mpikaji' mbele za watu. Mimi angalau nimemwita mkwe. Radhi siombi."