Sahani ya Mgeni wa Bi Kidawa

Hebu jenga picha hii kichwani. Ni asubuhi ya Julai mjini Johannesburg, baridi imetua juu ya Mtaa wa Jules hapa Malvern, na mbele ya duka la matairi lililofungwa kuna benchi refu la mbao. Pembeni yake Burhani, mtu wa Tanga, amewasha mkaa ndani ya debe lililotobolewa, na juu ya mkaa limekaa birika la kahawa. Kwenye benchi yupo Mansour, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu. Jina lake la kijiweni ni Roboti, maana hivyo ndivyo tunavyoziita taa za barabarani, na taa ikigeuka njano tu yeye husimama, hata wa nyuma wakipiga honi mpaka wachoke. Anayefuata ni Firmin kutoka Lubumbashi, mlinzi wa hoteli moja kule kaskazini mwa mji. Huyo ni Meneja, kwa namna anavyoizungumzia hoteli ile. Mimi, wanayeniita Mwalimu, hukaa mwisho wa benchi, upande wa jua.

Asubuhi hiyo Bi Kidawa aliacha duka lake la vitambaa, jirani na benchi, akaja kukaa nasi. Hana mazoea hayo. Burhani alimmiminia kahawa, naye akaishika tu, hakuinywa. Sote tulijua ana mgeni. Mwanawe Suhaib anafanya kazi Vietinamu na ameoa huko, na mama wa mkewe, Bi Lan, alikuwa amefika Jumapili kuwaona wakwe. Suhaib na mkewe wangefuata Ijumaa. Mpaka hapo wale mama wawili hawakuwa na lugha ya pamoja ila kutabasamu.

— Mgeni wangu chakula hakimpiti, alisema Bi Kidawa.

Akatueleza. Alikuwa amempikia wali wa nazi, kuku wa kupaka, chapati, samaki. Kila sahani inarudi kama ilivyokwenda. Mgeni huchukua ndizi, hunywa chai, huinamisha kichwa kushukuru. Kumpigia Suhaib simu Bi Kidawa hakutaka.

— Nimwambie nini? Ijumaa anakuja kumkuta mama wa mkewe amekonda ndani ya nyumba yangu. Huyo mkewe atanitazamaje? Nyie mnaujua mji huu. Wapi hapa mtu wa Vietinamu anaweza kupata chakula cha kwao?

Benchi letu halijawahi kupewa swali tamu kama hilo.

Mansour alikuwa wa kwanza. Alisema upo mkahawa wa Kivietinamu kule Randburg, ndani ya jengo la maduka, ambako huuza tambi za mchele kwenye bakuli la supu, na majani mabichi pembeni. Bi Kidawa aliuliza kama kuna nguruwe. Mansour akasema yupo, lakini samaki wapo na mboga zipo, mtu huchagua. Firmin akamuuliza amewahi kula hapo mara ngapi.

— Kula sijala. Nimeshusha abiria pale.

— Ah, kumbe unajua maegesho.

— Meneja, nisikilize. Abiria nikiwachukua pale wanasinzia kabla hatujafika roboti ya kwanza. Chakula kibaya hakimlazi mtu.

— Ni uendeshaji wako unawalaza.

— Haraka haraka haina baraka, alijibu Mansour kwa utulivu.

Firmin yeye aliona Randburg ni mbali bure. Alitaka mgeni apelekwe Cyrildene, mtaa wa Wachina, ng'ambo tu ya Kensington. Kule kuna mikahawa mlango kwa mlango, na samaki unamchagua mwenyewe akiwa bado anaogelea. Tena China na Vietinamu ni majirani.

— Basi siku ukinitembelea nitakupikia chakula cha Angola, alisema Mansour. Nao si majirani zenu?

Firmin hakukubali kushindwa. Alikumbusha kwamba Vietinamu iliwahi kutawaliwa na Wafaransa, kwa hiyo watu wa kule wanajua mkate. Yeye anajua Kifaransa. Aende mwenyewe kwa Bi Kidawa na mkate mrefu chini ya kwapa, azungumze na mgeni, mambo yaishe.

— Jumatatu ulizungumza naye pale dukani, alisema Bi Kidawa. Alicheka tu.

— Alicheka kwa Kifaransa, mama.

Burhani, aliyekuwa akipangusa vikombe, alisema sote tumekosea. Johannesburg iko juu mno, na mtu aliyekulia karibu na bahari tumbo lake likipandishwa mlimani hujifunga. Dawa ni kumteremsha. Apandishwe basi mpaka Durban, avute hewa ya chumvi, ale huko chochote, kisha arudishwe akiwa ameshiba.

— Mzee, wewe ni wa Tanga, alisema Mansour. Mbona tumbo lako halijajifunga miaka yote hii?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Burhani. Sahani zinazorudi si anazila mwenyeji?

Hakuna aliyejua methali ile imefikaje hapo, lakini tulicheka. Bi Kidawa pia alicheka kidogo. Kama tungeishia hapo ingekuwa salama. Ila kijiwe kikishapata mwendo hakina breki, na Mansour akaongeza kwamba huenda yule mama anafanya upelelezi. Kwao yeye Mansour, alidai, mkwe hususia chakula makusudi, aone kama nyumba ina hasira. Firmin akasema hapana, anaogopa kuwekewa kitu, maana mama mwenye binti mmoja huogopa kila jungu.

Kicheko kilikatika. Bi Kidawa aliweka kikombe chini, akajitanda vizuri mtandio wake.

— Kwa hiyo anadhani namwekea sumu, alisema taratibu.

Firmin alijitahidi kuyarudisha maneno yake, lakini maneno hayana gia ya nyuma.

Wakati huo Jeannine alikuwa amesimama kando akiota moto. Ni msusi, ametoka Kalemie kule Kongo majuzi tu, na alikuwa anasubiri saluni ifunguliwe. Alikuwa bado hajapata jina la kijiweni.

— Pardon, mama, alisema. Wakati anakula, nani anakaaka naye?

Bi Kidawa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa ananawa mikono.

— Hakai mtu, mwanangu. Ni mgeni wa heshima. Namtandikia mkeka mzuri, naweka sinia na maji ya kunawa, nashusha pazia, naondoka zangu jikoni. Bibi yangu kule Unguja alitufunza hivyo. Mwenyeji anayekaa kumkodolea mgeni macho anamhesabia matonge.

Mansour na Burhani walitikisa vichwa kukubali. Hata mimi nilikubali, maana nimelelewa vivyo hivyo. Mgeni aachwe ale kwa nafasi, asione haya.

Jeannine alifikiri kidogo.

— Na ye anajua kama ile ni heshima?

Mansour aliangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia. Burhani aliinamisha birika juu ya kikombe cha Jeannine, yakatoka matone machache na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Bi Kidawa alisimama.

— Mwalimu, aliniambia, leo mchana unakula kwangu.

Nilikwenda. Alikuwa amepika wali na mchuzi wa kuku, basi. Alitandika mkeka, akaweka sinia katikati, akanawa, na badala ya kushusha pazia akaketi. Niliona haikuwa rahisi. Mikono yake haikujua ikae wapi, na macho aliyaelekeza ukutani ili yasimwangukie mgeni. Bi Lan, mwanamke mwembamba mwenye mvi, alitutazama mmoja mmoja. Hakugusa kitu.

— Karibu, alisema Bi Kidawa. Akaligusa sinia, akajigusa kifua. Karibu tule.

Bi Lan aliweka viganja vyake pamoja. Akamgeukia Bi Kidawa akasema maneno machache, akanigeukia mimi akasema tena, polepole, kama mtoto anayesalimia wakubwa chumba kizima bila kumruka mtu. Kisha akachukua kijiko. Lakini kipande cha kwanza cha kuku, kile kinono, hakukipeleka mdomoni. Alikiweka mbele ya Bi Kidawa, akasubiri.

Bi Kidawa alikila. Ndipo mgeni wake naye akala, akaongeza wali, akaongeza tena mchuzi.

Ijumaa Suhaib alipofika alitufafanulia. Nyumbani kwa mkewe mtu hainui tonge kabla ya kuwakaribisha walioketi naye, hasa waliomzidi umri. Bi Lan alikuwa akiletewa chakula kizuri na kufungiwa pazia, akakaa akisubiri mwenye nyumba aje amkaribishe. Alipoona haji, aliwaza kwamba amemkosea jambo. Na binti yake kila alipompigia simu, alimwambia kila kitu ni salama.

Jumamosi Mansour aliwapeleka wote Randburg. Jumatatu benchi zima lilitaka habari. Firmin aliuliza supu ile ina ladha gani, inaizidi ya Cyrildene au hailingani nayo.

— Sikuangalia sana, alisema Bi Kidawa. Tulikuwa tunawekeana samaki.

Mansour alisema eish, amemaliza mafuta ya gari bure.

Basi ukipita Malvern, msafiri akakuuliza wapi pa kula, mtajie Randburg, mtajie na Cyrildene, kote huko wanapika. Ila nakuomba ukumbuke, kabla hujamwonyesha njia, kumuuliza kama ana mtu wa kula naye.