Tulipodhani Ushahidi wa Marehemu Umefutika

Wapendwa katika Bwana, mimi sijui kusoma. Haya ameyaandika mjukuu wangu, nami nimemkataza kuyapamba.

Tulipokimbia kutoka kwetu Djugu, karatasi za shamba langu ziliungua pamoja na nyumba. Hapa Nyakasanza nikasikia kwamba watu wengine wanalidai. Shahidi nilibaki na mmoja tu: mzee tuliyepakana naye, naye alikuwa mgonjwa.

Mjukuu wangu anajifunza kutengeneza programu za mnyororo wa bloku, yaani maandishi yanayotunzwa na kompyuta nyingi pamoja, hata mtu mmoja asiweze kuyafuta. Kwa kompyuta ya kuazima, alifanya kazi yote ndani ya kivinjari, pale panapofunguliwa intaneti. Humo akaingiza maneno ya mzee, mzee nami tukiwa kando yake. Kisha mzee akafariki.

Ndugu zangu, nawaambia: mwenye kompyuta alikisafisha kivinjari kwa nia njema, kwa kuwa mashini ilikuwa nzito. Kazi yote ikatoweka.

“Si ulisema hakuna mutu anaweza kufuta?” nikamuuliza mjukuu.

“Koko,” yaani bibi, akajibu, “iko minyororo mbili. Moja ni ya kujaribia, inaishi mu kivinjari tu. Ingine iko inje. Sikumbuke siku ile nilichagua gani.”

“Sasa weye ulisoma nini?”

Alilia. Sikumbembeleza. Chakula kilinishinda, na sala pia. Niliona kana kwamba mzee anazikwa mara ya pili, na shamba langu pamoja naye.

Asubuhi moja, nikimenya mihogo, nilimkumbuka marehemu, nikacheka kwa uchungu. Mjukuu akauliza sababu.

“Alivyogombeza mashini yako! ‘Weye mashini, uko unatafuna maneno yangu? Meza basi, niende kulala!’”

Akasimama. “Koko, tulingojea?”

“Mpaka chai ikapoa.”

“Mnyororo ule wa ndani haungojeshe mutu! Unajibu palepale! Kama tulingojea, basi maneno yake iko inje!”

Akaitafuta akaunti yake katika mnyororo wa nje, kwa simu. Akanisomea: “Mpaka wetu ni kijito. Kalitusi za ng’ambo ni za huyu mama. Niliona bwana yake akizipanda.”

Nilipiga magoti juu ya maganda ya mihogo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru akina mama walioniletea chakula nisichokigusa, wakarudi kesho yake na kingine. Aliyetuazima kompyuta hana kosa. Nanyi vijana, kabla ya kuondoka penye kazi yenu, ulizeni inalala wapi.

Kwetu bado hatujarudi. Lakini siku watakaponiuliza ni nani anayenijua kule, jirani yangu atajibu.