Mzee Obadia Mhina, Aliyeifundisha Seva Kusubiri

Tarehe 30 Juni 2004 Mzee Obadia Mhina anakabidhi funguo za chumba cha mawasiliano, baada ya kulitumikia shamba letu la mkonge kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu mwenye adabu wa kumwandika ikamkosa, ikanipa kazi mimi, Fabiani wa stoo. Yeye ni Mzigua wa Handeni, mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa kambini Ngombezi. Ni mtani wangu, kwa hiyo nitakayoyasema hana ruhusa ya kuyanunia.

Alianza Machi 1971 akiwa mpokea simu, akapanda hadi teleksi. Shamba lilipobinafsishwa mwaka 1998 wengi tulidhani atapunguzwa yeye pamoja na teleksi yake. Wapi! Alijipeleka Tanga wiki tatu kwa nauli yake, akarudi na cheti, miwani mipya na maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mwaka 2001 akakabidhiwa seva ya barua pepe. Aliifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe, mpaka fundi wa Dar es Salaam alipomwambia kwamba anaichemsha.

Shida yake ya kwanza ilikuwa sisi. Huku kwetu barua ukiiandika jina la mtu na stesheni yake, inafika. Basi nasi tukaandika hivyo hivyo: kuntai@handeni, kwa mfugaji aliyetuuzia ng'ombe wa sikukuu, shangazi@mnyuzi, bila hata jina la shangazi. Seva ilizitafuta anwani hizo siku tano mfululizo, ikiishikilia laini ya simu, na meneja hawezi kupiga popote. Mzee Obadia akaiwekea sheria: sehemu inayofuata ile alama ya @ isipojulikana duniani, barua irudishwe pale pale mlangoni. Laini ikapumua. Naye akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya Novemba 2002. Mnunuzi wa kamba wa Ulaya alitaka uthibitisho wa maandishi kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo ananunua kwingine. Faksi yetu ilikuwa imepigwa na radi. Meneja alishatamka kwamba oda ile ikipotea, kibanda cha kusokotea kamba kinafungwa na wanawake thelathini na wawili wanakwenda nyumbani. Mmoja wao ni mke wangu, Yuditha. Nilikuwa nimesimama dirishani siku hiyo, na niliogopa kwelikweli.

Ikabaki barua pepe. Ikatumwa, ikarudishwa: anwani haijulikani. Mzee Obadia akamgeukia katibu muhtasi wetu, Serafina, akamwambia vidole vyake vimeteleza. Akamwandikisha upya mara tisa, ameshika rula chini ya kila herufi, huku akimhubiria juu ya uzembe wa vijana. Serafina ana wajukuu wawili, jamani! Barua ikarudi mara tisa.

Mara ya kumi mzee akaiandika mwenyewe. Ikarudi. Akamwandikia mpwa wake wa Dar, ambaye jana yake tu walisalimiana vizuri kwa barua pepe. Nayo ikarudi. Hapo ndipo akaweka rula chini, akafungua kumbukumbu za seva na kusoma mstari kwa mstari. Mvua ilikuwa ikiikata laini kila baada ya dakika mbili tatu. Seva iliuliza anwani iko wapi, ikakosa jibu, ikatangaza kwamba haipo. Na aliyeiagiza hivyo ni yeye. Kwenye simu, miaka yote, ikilia mara tatu bila kupokelewa alikwambia mtu hayupo, akakata; tabia hiyo hiyo akaitia kwenye mashine.

Akarekebisha sheria: isiyokuwepo irudishwe, ambayo haijajibiwa isubiri kwenye foleni na kujaribiwa tena. Saa nane na dakika hamsini laini ilirudi kwa muda mfupi, barua ikapita. Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Jumatatu, mbele ya wafanyakazi wote, Mzee Obadia alisema kosa lilikuwa lake na akamwomba radhi Serafina kwa jina. Hakuna aliyemlazimisha, angeweza kuisingizia mvua. Kwa haki ya utani nikamtoza jogoo. Akalipa, jogoo mzee kuliko teleksi.

Asante, mzee wetu. Nenda Handeni ukalime, ule ushibe, ulale bila kuamshwa na simu, na Mungu akupe miaka mingi ya afya. Yuditha alitaka kuja kukuaga asubuhi hii, ila ameshindwa: yuko kazini.