Asali ya Ndotoni

Siku ile walikuwepo wanne kwenye kitanda cha mbao cha kukalia mbele ya duka, kilimani mjini Busan, Korea: Okbun mwenye duka, Bibi Malsun, aitwaye Redio, Mzee Deokchil, aitwaye Kamishna ingawa hajawahi kulinda hata geti, na Yunji, mjamzito wa miezi saba, ambaye wote walimwita Mama Kongi, kwa jina la mtoto aliye bado tumboni. Mfukoni Yunji alikuwa na sindano ya insulini. Daktari alimwambia aanze jioni ile, kabla ya kula. Aliogopa.

— Mama Kongi, mbona kila ukila unapanda na kushuka ngazi? Redio akauliza. Mumeo anakufukuza?

— Sukari, bibi. Nimepunguza wali, natembea, bado inapanda.

— Sukari gani, na wewe mwembamba hivyo? Kuna kitu hapa. Kila mimba huotwa na mtu wa karibu; ndoto ya hii nani alikuotea?

— Mama mkwe. Aliota anachota asali mtungini.

— Akaonja?

— Alilamba kidole.

— Si nilisema? Mchovya asali hachovyi mara moja. Kila usiku anarudi mtungini, sukari inakuingia wewe.

— Achana na ndoto, Kamishna akasema. Ni hospitali. Si walimnywesha maji ya sukari ndipo wakampima? Mtu anakumwagia maji, kisha anakwambia umelowa.

— Na sindano yao itamfikia mtoto, Redio akadakia.

— Daktari anasema haimfikii, Yunji akasema polepole. Sukari ndiyo inayomfikia.

— Atasema nini tena? Kamishna akasema. Dawa ni zake.

Yunji akaukandamiza mfuko.

Sehwa, mpangaji mpya, alikuwa amekuja kununua mayai, mtoto mgongoni. Alisimama akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Kati yenu, nani anamjua mama aliyedhurika kwa sindano hiyo?

Redio akamtazama Kamishna. Kamishna akatazama ndani ya kikombe chake.

Okbun alikuwa akitengeneza kahawa ya pakiti, zile ndefu nyembamba zenye kahawa, maziwa na sukari pamoja. Sukari hukaa mkiani mwa pakiti. Alipofika kwenye ya Yunji, akaubana mkia kwa vidole viwili, akamimina kahawa, sukari ikabaki. Yunji aliona.

— Dada, akamwambia Sehwa, mume wangu yuko zamu. Utakaa nami nikijichoma?

— Twende.

— Ngojeni, Redio akasema, akitafuta viatu vyake. Nakuja. Siwaamini hao watu wa sindano.

Nyumbani, Redio ndiye aliyemshika Yunji mkono mpaka sindano ikaisha.

Miezi miwili baadaye Kongi alizaliwa salama, msichana.